Sekunde Mbili Zilizozidi

Tisograd, 14 Machi 1983

Mwalimu wangu Tihomir,

Kahawa iliyomo kwenye kifurushi hiki ni nusu kilo, na usiniulize nimeipataje. Binamu yangu alivuka mpaka hadi Trieste, huko Italia, akairudisha ndani ya viatu vya mvua. Nchi nzima sasa inakunywa shayiri iliyoungua na kuiita kahawa, na magazeti yanatuhakikishia kwamba ina afya. Wewe kunywa ya kweli. Funga dirisha tu, majirani wa Sokobanja wasisikie harufu.

Kilichonifanya niandike ni kingine. Najua umestaafu mwaka wa sita huu, na nilikuahidi kwamba mambo ya kitivo hayatakufuata huko kwenye hewa safi. Lakini hili linakuhusu, kwa sababu kitabu cha maabara ni chako na mimi ni mwanafunzi wako.

Mwaka huu nina vijana mia moja na thelathini wa mwaka wa kwanza: mitambo, ujenzi, kemia. Nusu yao wanaiona kozi ya fizikia kama ushuru wa mpakani: unalipa, unapita, unasahau. Wanataka kujenga madaraja bila kujua kwa nini jiwe linaanguka. Nimewaambia siku ya kwanza, kama ulivyokuwa unatuambia sisi, kwamba anayedanganya kwenye karatasi atadanganya kwenye zege, na zege halisamehe.

Sasa yuko mmoja, Desanka Rajkov, wa mitambo. Baba yake ni fundi wa magurudumu ya mikokoteni ng'ambo ya mto. Zoezi la kwanza unalijua kuliko mimi: penduli ya chumba namba saba. Unalivuta tufe pembeni kidogo, unaliachia, unahesabu mibembeo mia moja, unasoma sekunde. Urefu wa penduli umeandikwa kwenye kibao cha shaba ukutani, mita moja kamili. Urefu na sekunde vikiingia kwenye kanuni, inatoka namba ya mvutano wa dunia, 9.81. Hata mbuzi angeipata.

Yeye ameleta 9.62.

"Nini hii?" nikamuuliza.

"Jibu, Ndugu Mhadhiri."

"Jibu la sayari gani?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. "La penduli iliyoko chumba namba saba," akasema.

Nilimwambia arudie. Akarudia, akaleta 9.62 ile ile, safari hii kwa wino. Nimekataa kumtilia saini. Bila saini ya maabara kabla ya mwisho wa Aprili hakai mtihani wa Juni. Asipokaa Juni, kiwanda cha samani kinachomsomesha kinakata ufadhili, na bweni linampa siku saba. Sheria naijua na yeye anaijua. Badala ya kukaa chini na kupima vizuri, amekata rufaa! Baraza la kitivo litamsikiliza tarehe 20 Aprili. Na mwezi Mei baraza hilo hilo litapiga kura juu ya uprofesa wangu, kwa hiyo unaweza kukisia ni wangapi watakaopenda kuniona nikiyumbishwa na mtoto wa mwaka wa kwanza.

Naomba mistari miwili tu kutoka kwako, kwamba chombo ni kizima na anayekosa kukisoma akose na saini. Wakumbushe, ukipenda, daftari langu la 1954. Ulilinyanyua mbele ya darasa zima ukasema, "Hivi ndivyo mtu anavyopima." Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nimeishi kwa sentensi ile.

Wako daima,
Vukosava Terzin


Sokobanja, 21 Machi 1983

Vuka mwanangu,

Kahawa imefika, na dirisha nililifunga, lakini haikusaidia. Jirani yangu kanali mstaafu alibisha hodi kabla maji hayajachemka, akiwa na ubao wa sataranji kwapani, akasema amekuja kulipiza kisasi cha juzi. Hajawahi kucheza saa hizo. Nikamwambia, "Kanali, pua yako ingetumika vizuri zaidi vitani." Akakaa, akanywa vikombe viwili, akashindwa michezo miwili, akaondoka mtu mwenye furaha.

Kifua changu kinakwenda na hali ya hewa. Natembea mpaka chemchemi na kurudi. Theluji imebaki juu mlimani tu.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa. Unaandika kwa hasira nzuri, kama zamani. Kabla sijasema lolote nina maswali mawili ya kizee, na unisamehe. La kwanza: yule binti alipata sekunde ngapi hasa kwa mibembeo mia? Sitaki 9.62 yake, nataka sekunde alizozisoma. La pili: tufe linaloning'inia chumba namba saba ni lile lile jeusi, la chuma, au mmelibadilisha?

Nakuomba usiliandikie baraza chochote mpaka unijibu.

Akutakiaye mema,
Tihomir Belić


Tisograd, 28 Machi 1983

Mwalimu,

Nilikuomba mistari miwili, umenirudishia maswali mawili. Ndivyo ulivyotufundisha, lakini wakati ule tulikuwa na muda.

Tufe ni lile lile jeusi la chuma. Nani alibadilishe? Lakiri ya risasi, ule muhuri uliofunga wewe kwenye ndoano mtu asilishushe tufe, bado ipo, na amri yako kwamba chombo hakiguswi bado nimeibandika mlangoni, karatasi imekuwa ya manjano. Sekunde za yule binti ni 202.6. Amepima mara kumi. Mara kumi, Mwalimu! Ndogo kabisa 202.4, kubwa kabisa 202.8. Wenzake wote wana 200.6, au karibu sana na hapo. Kwa hiyo dunia nzima inakwenda hivi na Desanka Rajkov anakwenda vile.

Alinifuata kwenye korido juzi, umeme ukiwa umekatika kama kawaida, mshumaa mkononi kama anakwenda kumwombea marehemu.

"Ndugu Mhadhiri, naomba ruhusa nishushe tufe nilipime urefu. Nimekuja na futi ya baba, ile ya kukunja."

"Futi ya kupimia magurudumu ya mikokoteni?"

"Magurudumu yake hayatikisiki," akasema.

"Na lakiri?"

"Lakiri inakatwa, Ndugu Mhadhiri, halafu inafungwa nyingine."

Nikamwambia kazi ya dunia si kumfuata yeye. Mzee Panta, fundi wetu wa maabara, alikuwa amesimama pale na kopo lake la grisi. Binti alipoondoka akanitupia: "Dokta, huyu anahesabu kama mtu aliyekabidhiwa kondoo wa jirani. Hataki apungue wala azidi hata mmoja."

"Panta, hujaulizwa."

"Sijaulizwa tangu mwaka hamsini na nne, Dokta. Nimezoea."

Sikiliza. Mimi simchukii mtoto huyu. Ninachokichukia ni hii tabia mpya ya kila mtu kuwa na dunia yake, mvutano wake, ukweli wake. Mvutano wa dunia haupigiwi kura, hauna rufaa, haujali baba yako ana futi gani. Hili tusipowafundisha kwenye kozi ya kwanza watalijifunza wapi? Kwenye magofu?

Nasubiri mistari yangu miwili. Baraza liko mlangoni.

Vukosava


Sokobanja, 4 Aprili 1983

Vuka,

Mistari miwili nitakuandikia, lakini siyo uliyoiomba. Kwanza soma haya, na uyasome umekaa.

Kiangazi cha 1953 tulihamisha maabara kutoka jengo la zamani. Penduli ya awali ilikuwa na tufe la shaba, unene wake sentimita nne, yaani sentimita mbili toka juu mpaka katikati. Kibao cha ukutani kilitengenezewa tufe lile, na kilisema kweli: toka ndoano hadi katikati ya tufe, mita moja. Katika kuhama, tufe likapotea. Shaba ilikuwa na bei, sikumuuliza mtu. Muhula ulianza baada ya siku nne. Nilikwenda kiwanda cha saruji nikaomba moja ya matufe ya chuma wanayosagia mawe, fundi wao akalichomelea kishikio, nikalitundika kwenye waya ule ule. Nikafunga lakiri, nikaandika amri ya mlangoni, nikaenda kulala.

Tufe lile lina unene wa sentimita nane. Umeshaona. Katikati yake imeshuka sentimita mbili. Penduli ile ina mita moja na sentimita mbili, na mibembeo yake mia inachukua sekunde 202.6. Mwenye kuamini kibao atapata 9.62 kila siku ya Mungu, kama mkono wake ni mwaminifu.

Utasema nilisahau. Mwaka wa kwanza, ndiyo. Lakini mwaka 1957, nikitayarisha toleo la pili la kitabu, nilikwenda chumba namba saba peke yangu nikapima. Nilipata alichopata Desanka. Nikapima tena. Kisha nikafungua kabati la madaftari niliyoyakubali. Vizazi vinne vya wanafunzi, karibu watu mia tano, wote 200.6, wote 9.81. Nilikuwa nimewatilia saini wote. Hapo nikaelewa walivyokuwa wanafanya: wanaanzia mwisho. Wanaichukua 9.81, ambayo mimi mwenyewe niliichapisha kando ya safu tupu kwenye kitabu, wanarudi nyuma nayo kwenye kanuni, wanapata sekunde zinazotakiwa, wanaziandika kana kwamba wamezihesabu.

Ningekata lakiri siku ile, ningelazimika kuwaambia watu mia tano kwamba ni waongo na kwamba mwalimu wao aliwafundisha uongo huo akiupongeza. Nikasema nitasubiri muhula uishe. Muhula uliisha, ukaja mwingine. Miaka inapita upesi kwa mtu anayesubiri.

Uliniomba niwakumbushe daftari lako la 1954. Nalikumbuka, Vuka. Lilikuwa zuri kuliko yote. Mwaka 1957 nililishika tena mkononi, nikiwa nimesimama kando ya penduli ile ile. Ulikuwa umeshakuwa msaidizi wangu tayari. Sikulitaja tena tangu siku hiyo, wala hukuniuliza kwa nini.

Nitaliandikia baraza mwenyewe. Mistari yako miwili ni hii: chombo ni kibovu, na mbovu zaidi ni aliyekitundika. Binti apewe saini.

Tihomir


Tisograd, 9 Aprili 1983

Ndugu Profesa,

Barua yako nimeipata.

Kama ulijua tangu 1957, basi kwa miaka ishirini uliniacha nisimame mbele ya watu kwenye kiti ulichojua hakina mguu. Uliniachia maabara. Uliniachia lakiri. Ulipostaafu ulinikabidhi ufunguo wa chumba namba saba mbele ya mkuu wa kitivo, ukanibusu mashavuni mara tatu, na hukusema neno. Wewe uliyetuambia habari za zege!

Na usinipakazie. Mimi nilipima. Sijui walifanya nini wengine mia tano, mimi nilisimama pale nikahesabu mpaka mia moja.

Usiandike kwa baraza. Umestaafu. Suala hili nitalimaliza mwenyewe, kwa kanuni zilizopo.

V. Terzin


Bweni la Wanafunzi, Tisograd
12 Aprili 1983

Kwa Ndugu Mhadhiri Terzin,

Naiacha barua hii chini ya mlango wa nyumba yako kwa sababu saa zako za kuonana na wanafunzi zimejaa.

Leo nimeiondoa rufaa yangu kwenye ofisi ya baraza. Hakuna aliyenilazimisha. Baba alikuja Jumapili na mkate, soseji na maneno machache. Alisema, "Desa, wanataka namba gani?" Nikamwambia. Akasema, "Wape namba yao, mwanangu. Mteja akitaka gurudumu lipakwe rangi nyekundu, sisi tunapaka nyekundu." Nilidhani atasema kingine. Yeye mwenyewe hajawahi kutoa gurudumu lisilo duara, hata kwa mteja mlevi. Lakini ninasomea mtihani huu kwa jasho la nyumba nzima, na nina wadogo wawili wanaofuata.

Kwa hiyo nimeandika daftari jipya, limo humu ndani. Mwenzangu wa chumbani alinionyesha njia, ni rahisi, nilishangaa. Unaanzia 9.81 na kurudi nyuma. Sekunde zinatoka 200.6. Kisha unazitawanya kidogo, 200.4, 200.7, ili zionekane zimehesabiwa na binadamu. Ilinichukua dakika kumi na tano. Lile la kwanza lilinichukua siku tatu.

Naomba saini kwenye hili jipya. Na ombi langu la pili, kama halikukasirishi, unirudishie daftari la kwanza. Si la kuonyesha mtu. Nataka niwe nalo tu.

Kwa heshima,
Desanka Rajkov, mitambo, mwaka wa kwanza


Tisograd, 21 Aprili 1983

Mwalimu wangu,

Barua yangu ya tarehe tisa ichome. Au usiichome, iweke, tumeficha karatasi za kutosha sisi wawili.

Yule binti aliniletea daftari la uongo. Nililisoma nimesimama, koti mwilini. Lilikuwa safi, Mwalimu. Safu zimenyooka, namba zimetawanywa kwa adabu. Nilikuwa nimeshatoa kalamu. Kabisa, nilikuwa nimefungua kifuniko. Nikasema, hatimaye amejifunza! Kisha nikasoma barua yake, nikafika kwenye dakika kumi na tano, nikakaa kwenye ngazi ya mlango wangu mwenyewe kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Daftari langu la 1954 nalitunza kwenye droo pamoja na vyeti. Nilijua sana nitakachokuta. Nilikuwa nimelifungua mara nyingi kuwaonyesha watu, lakini daima kwa mbali, hivi, kama picha ya harusi. Safari hii nililipeleka dirishani nikaliinamisha kwenye mwanga. Chini ya kila 200.6 karatasi imekwaruzwa. Nilifuta kwa kifutio cha shule na tonge la mkate, kama tulivyofutia enzi zile, na bado alama ya penseli inasomeka: 202.5, 202.7, 202.6. Nilipima, Mwalimu, kweli nilipima. Nilikuandikia kwamba nilihesabu mpaka mia moja na sikukudanganya. Nilihesabu vizuri, nikaogopa, nikafuta. Halafu ukanisifu.

Unajua kinachoniuma? Kwamba ningeweza kuwa Desanka, na nilikuwa nimeshakuwa, kwa muda wa saa nzima hivi.

Tarehe kumi na tatu asubuhi nilimtuma Panta bwenini. Binti akaja amejifunga kitambaa kichwani, uso umekauka, akidhani anakuja kuchukua saini.

"Una ile futi ya baba yako?" nikamuuliza.

Akanitazama. "Iko chini ya godoro, Ndugu Mhadhiri."

"Kaichukue. Panta, leta koleo."

"Koleo la nini, Dokta?"

"La kukatia lakiri."

Panta akavua kofia. Nilikuwa sijawahi kukiona kichwa chake. "Miaka thelathini kasoro nafuta vumbi kwenye hiyo risasi," akasema. "Nilidhani nitazikwa kabla yake."

Akakata. Desanka akapanda kiti, akakunjua futi toka ndoano, na mimi niliyefundisha zoezi hili miaka ishirini na tano nikashika ncha ya chini. Akasoma kwa sauti mpaka katikati ya tufe. Mita moja na sentimita mbili. Akashuka, akapiga hesabu kwa penseli juu ya ukuta, pale pale kando ya kibao, na hakuna aliyemkataza. 9.81.

Nilingoja aseme neno. Nilistahili. Akakunja futi, tak, tak, tak, akasema, "Kwa hiyo ilikuwa sawa."

"Nini?"

"Kuhesabu kwangu."

Nikamtilia saini daftari la kwanza, lile la 9.62. La pili nikamwambia alifanye atakavyo. Akalipasua vipande vinne, kisha akamwomba Panta radhi kwa uchafu. Panta akamjibu, "Acha, bibie, hizo karatasi nitaziokota kwa raha zangu."

Sasa baraza. Rufaa haikuwepo tena, kwa hiyo hapakuwa na kesi, na mkuu wa kitivo alikuwa anakaribia kufunga kikao ili watu wawahi supu. Barua yako ilikuwa imefika asubuhi ile. Haikusomwa, niliiona chini ya kiwiko chake. Nikasimama, nikaiomba, nikaisoma yote. Kisha nikaweka daftari langu mezani, limefunguliwa.

"Dokta Terzin," akasema mkuu, "jambo hili halimo kwenye ajenda."

"Basi liingizeni."

Profesa Stojkov wa mekanika akacheka kwa pua. "Jamani, penduli! Tunapoteza mchana kwa penduli ya mwaka wa kwanza. Mimi mwenyewe niliifanya mwaka sitini na moja, nikapata 9.81, na hakuna daraja langu lililoanguka."

"Kwa tufe lipi, ndugu yangu?" nikamuuliza.

Akafungua mdomo. Nadhani alikuwa hajasikiliza barua yako vizuri. Nikaona anapiga hesabu kichwani, na pale mezani, Mwalimu, watu tisa kati ya kumi na mmoja walipita chumba namba saba baada ya 1953. Mtu mmoja akaomba maji.

Nikawaambia niliyokuwa nayo. Kwamba tumetoa wahandisi elfu tatu na zaidi, na jambo la kwanza kabisa tulilowafundisha, wiki ya tatu ya mwaka wa kwanza, ni kuitazama dunia, kusikia inasema 202.6, na kuandika 200.6 kwa sababu mkubwa ameshachapa jibu. Kwamba tunashangaa viwanda vinaleta ripoti zinazolingana na mpango hadi desimali ya pili, na mashine zimesimama. Tumeyafundisha sisi, kwa lakiri na saini! Mkuu akaniambia nipunguze sauti. Nikaipunguza, nikayarudia yote taratibu, yakawa mabaya zaidi.

Kura yangu ya Mei imeahirishwa "mpaka hali itulie." Haitatulia. Nimepata nafasi ya kupumua kwa mara ya kwanza tangu nikiwa na miaka kumi na tisa, na kama bei yake ni neno moja mbele ya jina langu, ni rahisi.

Kuhusu penduli: Panta alitaka kuchonga kibao kipya, 1.020. Desanka akauliza kwa nini kiwepo kibao. Panta akairudisha patasi yake sandukuni. Kwa hiyo ukuta una matundu manne ya misumari na hesabu ya penseli ambayo nimekataza isifutwe mpaka likizo. Kuanzia sasa kila mwanafunzi analeta futi yake. Ukurasa wako wa kumi na mbili, wenye namba iliyochapwa kando ya safu tupu, tumeupasua kwenye nakala zote za maktaba. Nilipasua wa kwanza mwenyewe.

Desanka atakaa mtihani wa Juni kama wengine. Nitamuuliza maswali magumu. Nina hamu nayo.

Kibao cha shaba nakutumia wewe, pamoja na kahawa robo. Sikutumii kwa ubaya. Sikujua tu nani mwingine nimpe.

Wako, bado,
Vuka


Sokobanja, 2 Mei 1983

Vuka mwanangu,

Kibao kimefika na kahawa imefika, na kanali alifika katikati ya hivyo viwili. Alikitazama kibao akauliza ni medali ya nini. Nikamwambia ni ya miaka ishirini na tisa ya utumishi. Akapiga saluti. Sikumsahihisha siku ile. Nimemsahihisha leo, nikamweleza yote, na hatukucheza. Kisha akasema naye ana ripoti moja ya mwaka arobaini na tisa aliyoitia saini. Hakuendelea, nami sikumhimiza. Atarudi.

Barua yako ya tarehe tisa siichomi. Ulikuwa na haki kwa mambo mengi ndani yake. Kiti kile nilijua hakina mguu.

Nimeandika majina ninayoyakumbuka, ya watu niliowakatalia saini kwa sababu hawakuleta 9.81. Yamefika saba. Wawili walileta 9.6 na kitu, nina hakika, kwa sababu niliwacheka. Mmoja aliacha masomo akaenda kuendesha kivuko. Naanza na yeye. Sijui nitamwandikia nini mtu wa miaka arobaini na tano, lakini nimeshanunua bahasha.

Jana hapakuwa na upepo. Nilifunga jiwe la mto kwenye uzi, nikalitundika kwenye tawi la mti wa plamu nyuma ya nyumba, nikapima urefu kwa futi ya kushonea ya marehemu dada yangu, mpaka katikati ya jiwe, kwa kadiri jiwe lina katikati. Mibembeo mia moja, kwa saa ya jikoni. Jirani aliniuliza juu ya uzio kama nimeanza kuchunga mawe. Nilihesabu nikakohoa kwenye arobaini, nikaanza upya. Nikakohoa kwenye themanini, nikaendelea.

Nimepata 9.7. Uzi unavutika, saa inachelewa, na mkono wangu hauko tena kama ulivyokuwa. Ninajua kabisa inayotakiwa ni ngapi, na penseli ilikuwa mkononi.

Nimeandika 9.7, nikatia saini.

Tihomir